Shangazi, nimrithishe mwanangu timu isiyobeba kombe?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, na sasa naishi Toronto na mke wangu na watoto wetu wawili, wa kiume ana miaka tisa na wa kike sita. Kazi ipo, afya ipo, tunamshukuru Mungu. Ninachokuandikia ni habari ya timu, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujasema haya ni mambo ya mpira tu, maana yameshaingia ndani ya nyumba na sasa yamemfikia mtoto.

Timu yenyewe ni Maple Leafs, ya hoki ya barafuni. Wasomaji wako wengi wa nyumbani hawajauona mchezo huu, basi niwaeleze kwa ufupi. Kila upande wanaingia sita, kipa akiwa mmoja wao, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma vya kutelezea, wanagombea kisahani kigumu cheusi kwa magongo. Mwaka wa kwanza macho yangu hayakukiona kabisa kisahani hicho. Nilijua bao limeingia kwa kuona watu wamesimama. Vipindi ni vitatu, kila kimoja dakika 20. Timu ziko 32, kila moja inacheza mechi zaidi ya 80 tangu Oktoba hadi Aprili, halafu 16 zinaingia mtoano. Huko mnakutana wawili, mnacheza hadi mechi saba, na wa kwanza kushinda nne anapita. Ukipita raundi nne, Kombe la Stanley ni lako.

Sisi tumelichukua mara 13. Mara ya mwisho ilikuwa Mei 1967, tulipoifunga Montreal katika mechi ya sita. Shangazi, wakati huo ligi nzima ilikuwa na timu sita, na Azimio la Arusha lilikuwa halijatimiza hata miezi mitatu. Hata kahawa wanayokunywa Wakanada asubuhi ina jina la mchezaji wetu, Tim Horton, beki aliyekuwemo kwenye kikosi kile. Kila nikienda kazini nashika mkononi kikombe chenye jina la mtu aliyebeba kombe, halafu jioni narudi nyumbani kuangalia wasiolibeba.

Aliyenivuta kwenye timu hii ni mzee mmoja wa Kikanada tuliyefanya naye kazi ghalani. Majira yangu ya kwanza ya baridi alinikuta nimekaa peke yangu chumba cha kulia, akaniuliza kama nimeiona mechi ya jana. Kuanzia hapo nikawa na la kuzungumza na kila mtu, dereva wa basi, kinyozi, baadaye hata mwalimu wa mtoto. Mji huu ulinifungulia mlango kwa hoki, na hilo silisahau. Mzee yule alikuwa kijana mdogo mwaka 1967. Amestaafu sasa, na bado anasubiri.

Sasa nikueleze tunavyoteswa. Mei 2013, mechi ya saba, ugenini Boston. Kipindi cha tatu tunaongoza 4–1, zimebaki dakika kama kumi na moja. Nikampigia kaka yangu Tanga, kule ni alfajiri, nikamwambia tumepita. Boston wakapata la pili. Muda ukayoyoma, ikabaki dakika moja na ushee, wakapata la tatu. Zimebaki sekunde 51, la nne. Muda wa nyongeza wakatumaliza, 5–4. Kaka alipotoka kuswali akanipigia kunipongeza. Sikuwa na sauti ya kumjibu.

Nikadhani ni bahati mbaya ya mwaka mmoja. Mwaka 2018 tukarudi Boston, mechi ya saba, tukaingia kipindi cha tatu tunaongoza 4–3 na tukatoka tumefungwa 7–4. Mwaka 2021 tulikuwa tunaongoza Montreal mechi tatu kwa moja, tukapoteza zote tatu zilizobaki. Na angalia hili, Shangazi, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote: mechi za kuamua za 2019, 2021, 2022, 2024 na 2025, kila moja tumefunga bao moja tu. Ile ya 2020 dhidi ya Columbus hata hilo moja hatukulipata. Timu yenye washambuliaji wanne, Matthews, Marner, Nylander na Tavares, ambao kuna misimu walikula karibu nusu ya fedha zote za mishahara ambazo ligi inairuhusu timu moja kutumia! Msimu mzima mabao yanamiminika, ikifika siku ya siku wanafunga moja. Sasa Marner naye ameondoka, amekwenda Vegas.

Na kuna ile ya Februari 22, 2020, ambayo kazini waliniimbia mpaka nikaacha kukaa na wenzangu wakati wa chakula. Tulikuwa nyumbani na Carolina. Makipa wao wote wawili wakaumia. Kwa kanuni za ligi za wakati ule, uwanja ulikuwa na kipa wa dharura aliyeweza kuitwa na timu yoyote ikikwama. Siku hiyo alikuwa David Ayres, mwenye miaka 42, ambaye aliwahi kuwa dereva wa mashine ya kulainisha barafu. Akavaa, akaingia, akasimama golini. Tukafungwa 6–3. Na dereva, Shangazi. Dereva wa mashine ya barafu ya hapa hapa mjini kwetu.

Mwaka huu wa 2025 niliamini kweli. Tulimaliza vinara wa kundi letu, tukaitoa Ottawa, tukaanza na Florida kwa kushinda mbili za kwanza. Kisha mechi ya tano, nyumbani kwetu, 6–1. Tukajikongoja mpaka ya saba, nyumbani kwetu tena, 6–1. Watu walivua jezi wakazitupa barafuni.

Usiku ule wa mechi ya saba ndipo nyumba ilipochafuka. Nilikuwa na mgeni, jirani yetu. Katika mechi iliyotangulia alitoka nje kupokea simu, na alipokuwa nje tukafunga. Kwa hiyo siku hii nikamwomba akae ngazini tangu mwanzo, na kwa kweli alikaa, na sahani yake ya pilau mapajani. Mke wangu alipomkuta huko hakusema kitu mbele yake. Jezi yangu nilikuwa sijaifua tangu mtoano uanze, kwa sababu tulishinda nikiwa nimeivaa. Hilo nalo alishalivumilia. Mechi ilipokwisha mtoto alikuwa analia, jezi imelowa kifuani. Akaniuliza, "Baba, sisi tulishawahi kushinda?" Nikamjibu ndiyo, 1967. Akauliza, "Babu alikuwa ameshazaliwa?" Nikashindwa kumjibu, nikaingia chumbani, na siku kadhaa sikuzungumza na mtu humu ndani.

Mke wangu ni mwenyeji wa Bukavu. Si mtu wa maneno mengi, lakini safari hii alisema: "Wewe uliingia kwa miguu yako. Huyu unamburuta." Anataka mtoto aachane na Maple Leafs kabisa. Na kuna kaka yake anayeishi Montreal, shabiki kindakindaki wa Canadiens, timu ya huko, yeye ameshatuma kifurushi. Ndani mna jezi nyekundu ya saizi ya mtoto, jina lake mgongoni. Nimeificha juu ya kabati. Huyu shemeji hupiga simu kila tukitolewa, hata dakika tano hazipiti, anaanza na "poleni sana" halafu anacheka mpaka anakohoa. Montreal ni watani wetu wa jadi. Mtoto wangu avae nyekundu, Shangazi?

Lakini pia nafahamu kurithi timu ni nini. Marehemu baba alinipeleka uwanja wa Mkwakwani nikiwa mdogo, akanipa Coastal Union, timu ya soka ya Tanga. Mwaka 1988 Wagosi wa Kaya walichukua ubingwa wa Tanzania na mji haukulala. Ubingwa huo haujarudi Tanga mpaka leo. Siku tulizofungwa tulirudi kwa miguu, baba ananunua karanga, ananiuliza nani amenifurahisha leo. Mimi mwenyewe sijawahi kumlaumu kwa kunipa Coastal. Ila najiuliza kama mwanangu atanisamehe kwa kumpa hii.

Naomba unijibu waziwazi. Niihame timu? Nimkataze mtoto? Na ile jezi nifanyeje?

Mgosi wa Toronto

* * *

Marahaba, mwanangu Mgosi.

Barua yako nimeisoma yote, na wala sikucheka, ingawa pale ngazini nilisimama kidogo nikamwonea huruma jirani yako. Mtu anayesema timu si jambo zito hajawahi kufika ugenini bila ndugu na kukuta neno moja la kumuunganisha na mji. Wewe ulilipata kwenye hoki. Kwa hiyo la kwanza nakujibu hapo hapo: usiihame. Ukihama utamwambia nini yule mzee wa ghalani? Na utahamia wapi mtu mzima kama wewe, uanze kujifunza kuwapenda watu wa Florida?

La mtoto ndilo lililonifanya niisome barua yako mara ya pili. Umenieleza Boston ya 2013 mpaka sekunde. Umenieleza Montreal, Columbus, Carolina, nani alipata mshahara gani. Lakini hukuniambia mwanao anampenda mchezaji yupi. Hukuniambia anapenda kipa au mshambuliaji, wala kama ameshawahi kukanyaga barafu mwenyewe. Nimemkuta mahali pamoja tu katika barua nzima, analia, anakuuliza kama mlishawahi kushinda.

Hebu mhesabie miaka. Ana tisa, basi amezaliwa karibu na 2016. Boston ya 2013 hakuwepo duniani. Tangu amezaliwa, timu yenu imeingia mtoano kila mwaka, 2017 hadi 2025, mfululizo bila kukosa. Mtoto huyu hajui mtoano usio na Maple Leafs. Wako watoto katika miji mingine ya Kanada wanaomaliza msimu mapema na kubaki kuangalia mechi za wengine. Msimu wa 2023–24 Auston Matthews alifunga mabao 69, na hakuna mchezaji wa Maple Leafs aliyewahi kufikisha idadi hiyo kwa msimu mmoja tangu timu iundwe. Mwanao aliyaona, wewe na yule mzee pia, lakini yeye aliyaona akiwa mtoto, na ya utotoni hayafutiki. Na usiku ule wa Aprili 2023 pale Tampa, John Tavares alipofunga katika muda wa nyongeza na mkapita raundi ya kwanza tangu 2004! Barua yako imeruka mwaka huo wote. Umetaja 2022, ukaruka, ukataja 2024. Mtoto alikuwa na miaka saba. Muulize anakumbuka nini cha usiku ule. Nina hakika anakumbuka ulivyomrusha juu.

Hapo ndipo nasimama na mke wako, ingawa si kwa yote. Amesema unamburuta, na ni kweli, ila hukumburuta kwenye timu. Umemburuta kwenye 1967. Timu anaweza kuichukua, ni ya mji wake, ya wenzake shuleni. Miaka yote ile ya kusubiri ni yako na ya yule mzee, yeye hana deni nayo. Ukikaa naye kwenye kochi, kila bao la wapinzani unaliona kama la tano la Boston. Yeye analiona bao moja, tena zimebaki dakika nyingi. Mwache aione mechi iliyo mbele yake.

Na jinsi ya kufanya hivyo umeshafundishwa. Marehemu baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anakununulia karanga na kukuuliza nani amekufurahisha leo. Timu imefungwa, na swali lake ni nani amekufurahisha. Ndiyo maana hujawahi kumlaumu kwa kukupa Coastal. Wewe mwaka huu uliingia chumbani ukafunga mlango. Swali la kama babu alikuwa ameshazaliwa halikuwa la kukukomoa, mwanangu. Mtoto alikuwa anapima umbali wa jambo. Mjibu. Mwambie babu alikuwepo, alikuwa Tanga, na mweleze Mkwakwani ikoje jua likianza kuzama. Mtoto wa Toronto anayejua kwamba babu yake naye alikuwa na timu atalia mechi ikipotea, lakini hatalia peke yake.

Hata kisa cha yule kipa wa dharura, wewe umenisimulia kwa aibu tupu. Msimulie mtoto kilivyo, maana ni kisa kizuri mno. David Ayres alipandikizwa figo mwaka 2004, na aliyemtolea figo ni mama yake mzazi. Akakaa miaka yote hiyo karibu na barafu, akaifanyia kazi, akafanya mazoezi na wachezaji wakimhitaji. Siku akaitwa, miaka 42, mbele ya uwanja uliojaa. Mashuti mawili ya kwanza yote yakaingia. Mtu mwingine magoti yangemwisha. Yeye akazuia manane yaliyofuata, yote, na akawa kipa wa dharura wa kwanza kuandikiwa ushindi katika mechi ya msimu wa ligi hiyo. Najua mlifungwa ninyi. Mtoto wa miaka tisa atataka kujua alivaa nini na kama aliogopa, na hapo mtazungumza usiku kucha.

Sasa tuje nyumbani, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Jirani umwombe radhi. Mgeni hawekwi ngazini, hata kama ni kweli mlifunga alipotoka. Kampelekee pilau kwake, ukae naye sebuleni, msizungumzie hoki mpaka aianze yeye. Jezi ifuliwe. Na kule kununa siku kadhaa kusirudie tena. Mke wako hakuifunga timu yako. Mechi ya saba ikiisha vibaya, nenda ukaoge, rudi ukae na watu wako, useme nimeumia. Wakikuona unaumia na bado unakula nao, watoto watajifunza namna ya kushindwa; wakikuona mlango umefungwa, watajifunza kuogopa Mei.

Kuna jambo la usingizi pia. Mechi zenu nyingi huanza saa moja usiku, na katika mtoano muda wa nyongeza hauna matuta. Zinaongezwa dakika 20 nyingine, na nyingine, mpaka mtu afunge. Inaweza kufika saa sita usiku na zaidi. Siku za shule kijana alale kipindi cha pili kikiisha, asubuhi akute umemwandikia matokeo kwenye karatasi karibu na chai yake, pamoja na jina la aliyecheza vizuri. Mkikubaliana hivyo na mama yake mapema, kabla Oktoba haijaingia, utaona nusu ya ugomvi umekwisha.

Kuhusu jezi nyekundu, ishushe kabatini leo. Zawadi ya mjomba haifichwi. Huyo ni mjomba wake, amekaa akachagua saizi, akaandikisha jina la mtoto mgongoni. Hilo ni pendo, hata kama limepitia kwenye utani. Mpe mtoto, mpigieni mjomba simu pamoja, mtoto aseme asante. Akitaka kuivaa aivae. Akiitaka Montreal kweli, utaishi naye hivyo hivyo, kama wanavyoishi Simba na Yanga katika nyumba moja Dar es Salaam na harusi zinafanyika. Lakini sidhani. Mtoto aliyelia mpaka jezi ikalowa ameshachagua, na si wewe uliyemchagulia.

Na shemeji yako usimwogope. Montreal wana makombe 24, hakuna timu yenye mengi kama wao, na akijivunia ana haki. Lakini la mwisho ni la 1993, walipoifunga Los Angeles, na tangu hapo hakuna timu yoyote ya Kanada iliyolibeba, si yake wala yako, wala Edmonton iliyofika fainali 2024 na 2025 na kufungwa na Florida mara zote mbili. Anacheka, lakini naye anasubiri. Zungumzeni kama watu wanaosubiri pamoja. Ila mwambie kwa heshima, na dada yake amwambie pia, kwamba usiku wa kutolewa simu isilie mpaka asubuhi watoto wameshaenda shule. Utani una wakati wake, na yeye kama mtani mzuri atauheshimu.

Nakuomba pia umpeleke kijana mahali. Makumbusho ya hoki yapo mjini kwenu, kona ya Yonge na Front, na Kombe la Stanley lenyewe huwekwa humo. Ulizia kwanza kama lipo, maana majira ya joto huzunguka na mabingwa. Shina lake limezungushiwa pete za chuma, kila pete ina majina ya vikosi 13. Pete ya chini ikijaa, ya juu kabisa hutolewa na kuhifadhiwa, nyingine mpya inaingia chini. Mwaka 2018 ilitolewa ile iliyoishia 1965, ikaondoka na ushindi wenu wa 1962, 1963 na 1964. Ya 1967 bado ipo. Zamu yake ya kutolewa itafika mwanzoni mwa miaka ya 2030. Mpeleke akaione ingali kwenye kombe, amsome Horton, umwoneshe kwamba ndilo jina lililo kwenye kikombe chako cha kahawa. Na ukiweza mchukue yule mzee mwende naye, maana yeye ndiye pekee kati yenu aliyekuwa hai siku hiyo, na hajapata mtu wa kumsimulia tangu astaafu.

Kisha mtoe mtoto kwenye kochi. Viwanja vya barafu vya nje vya jiji lenu, kama kile cha mbele ya ukumbi wa jiji, ni bure kwa wanaotaka kuteleza tu. Mnakodi viatu mnaingia. Usiseme watu wetu hatuna miguu ya barafu. Nairobi kuna vijana wa Ice Lions waliojifunzia kwenye kiwanja kidogo ndani ya hoteli, na mwaka 2018 walialikwa Kanada wakacheza mechi yao ya kwanza na timu nyingine, wakiwa wamevaa jezi moja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwanao akianguka barafuni mara mia ndipo atakapojua kazi wanayoifanya wale unaowakasirikia.

Na tiketi za Maple Leafs ni ghali kwa familia, najua. Timu yao ndogo, Marlies, inacheza mjini humo humo kwa bei ya watu, na ilibeba kombe la ligi yake mwaka 2018. Mtoto akasikie uwanja wa Toronto unavyopiga kelele, aone kwa karibu jinsi kisahani kinavyogonga ukuta.

Nimebakiza moja, Mgosi. Umeniandikia kurasa za kijana. Binti yako wa miaka sita umemtaja mstari wa kwanza, hukumrudia. Yeye hana timu? Hakuna aliyemuuliza? Ligi ya wanawake ilianza Januari 2024, na timu ya Toronto sasa inaitwa Sceptres. Nakwambia mapema usije ukanilaumu: mwaka wao wa kwanza walimaliza vinara wa msimamo, wakaongoza 2–0 katika nusu fainali, kisha Minnesota ikawatoa 3–2. Lakini huko hakuna mtu yeyote uwanjani anayesubiri tangu 1967, na wasichana wadogo hukaa mbele kabisa, pua kwenye kioo. Msimu wao huanza baridi ikishaingia. Mwanao wa kiume atataka kwenda naye, wacha aende, na mama yao pia mbembeleze. Kata tiketi nne.

Shangazi